Meza ya Watoto Weusi

Mwezi huu nawaletea habari za Bibi Beverly Daniel Tatum, Mmarekani Mweusi na mtaalamu wa saikolojia, aliyezaliwa Florida mwaka 1954. Baba yake, mwalimu wa sanaa, alitaka kusomea shahada ya juu katika chuo kikuu cha jimbo lake. Rangi yake ikamzuia. Serikali ya jimbo ikaona afadhali imlipie nauli akasome Pennsylvania. Ubaguzi haujali gharama!

Binti alipata shahada ya udaktari wa falsafa Michigan mwaka 1984, kwa utafiti juu ya familia za Weusi wanaoishi miongoni mwa Wazungu. Mwaka 1997 akatoa kitabu kilichouliza kwa nini watoto Weusi shuleni hukaa meza moja wakati wa chakula. Si kwa chuki, alieleza. Kijana anapobaleghe hujiuliza, “Mimi ni nani?”, na walimwengu humjibu kwa rangi yake kabla ya jina lake, basi humtafuta mwenziwe mwenye swali lilo hilo. Mzazi aliyepata kuitwa shuleni na kuambiwa kuwa mwanawe “hachanganyiki” na asome hapo mara mbili.

Tangu 2002 hadi 2015 aliongoza Chuo cha Spelman, Atlanta, cha wanawake Weusi. Mwaka 2012 alitangaza kuzifuta timu za mashindano, zilizowafaa wanamichezo wapatao 80 katika wanafunzi 2,000 na zaidi, ili fedha zigharimie mazoezi ya wote, kwa kuhofia kisukari na shinikizo la damu. Wapo waliolalamika. Mimi namuunga mkono.