Mdundo Usiumeze Utungo

Wahenga walinena kuwa ngoma ikilia sana hupasuka. Usemi huo unamfaa dijei chipukizi ambaye, pindi apatapo tarakilishi na programu ya kuchanganyia muziki, huutwaa wimbo mwororo wa mapenzi au wa maombolezo akautia ngoma nzito ili uchezwe ukumbini. Wapo wanaomlaani wakidai kuwa rimiksi ni uharibifu wa sanaa. Wapo pia wanaomshangilia kwa kila kishindo. Pande zote mbili zimeteleza. Kuufuma wimbo upya ni kazi ya ufasiri, na mfasiri hupimwa kwanza kwa alichokihifadhi, kisha kwa alichokiongeza.

Ithibati ipo. Mwaka 1987, Suzanne Vega wa Marekani aliutoa wimbo "Tom's Diner" kwa sauti tupu, bila ala yoyote. Mwaka 1990, vijana wawili wa Uingereza waliojiita DNA waliitandikia sauti hiyo ngoma ya dansi. Hawakuyagusa masimulizi ya mwimbaji. Walichofanya ni kuchukua mahanjamu yasiyo na maneno yaliyokuwa mwishoni mwa wimbo na kuyarudiarudia. Kwa istilahi za ushairi, walikiona kibwagizo mahali ambapo mtunzi mwenyewe alikuwa amekiacha kama tamati. Huo ni usomaji makini wa matini. Vivyo hivyo, "Missing", wimbo wa majonzi wa kundi la Everything But the Girl uliotolewa mwaka 1994, ulipopita mikononi mwa Todd Terry wa New York mwaka 1995 ulipata ngoma ya hausi, lakini upweke uliomo katika sauti ya Tracey Thorn haukupotea. Watu waliucheza, na bado waliuhisi.

Aghalabu chipukizi hudhani kuwa ugumu wa dansi ni kasi. La hasha. Wimbo wa kubembeleza wenye mapigo 64 kwa dakika hauhitaji kukimbizwa ili uingie katika ngoma ya mapigo 128. Ngoma na ipige mara mbili kwa kila pigo moja la mwimbaji, naye aendelee kuvuta pumzi kwa nafasi yake. Madijei wa santuri walijifunza adabu hii kwa kulazimishwa na mtambo: Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, iliruhusu kasi kupanda au kushuka kwa asilimia 8 tu, na kila ilipopanda, sauti nayo ilikuwa nyembamba zaidi. Programu za leo zimekiondoa kizuizi hicho. Hivyo basi, sikio la dijei halina budi kuwa ndilo kizuizi.

Kwa nyimbo za Kiswahili, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa katika lugha hii silabi moja hubeba kauli nzima. Mwimbaji akisema "sitakuacha", kisha dijei akaidondosha silabi ya kwanza ili neno lioane na mdundo, ukumbi utasikia "takuacha". Mpenzi aliyeapa kudumu anageuzwa kuwa mpenzi anayeaga! Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kuongeza besi. Linazuiwa na mtu anayejua viambishi, mizani na mahali panapostahili kituo.

Fauka ya hayo, kuna suala la haki. Kampuni iliyommiliki Vega kimuziki ilichagua kuitoa rasmi kazi ya DNA badala ya kuwashtaki, ingawa walianza bila idhini. Bahati hiyo haiwezi kufanywa kanuni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa na ya kupinga upotoshaji wa kazi yake unaomvunjia heshima. Afrika Mashariki inaujua uchungu wa mtunzi asiyetambuliwa: "Malaika" ulizunguka dunia, hata Boney M. wakautoa kwa mahadhi ya disko mwaka 1981, huku ubishi juu ya mtunzi wake halisi ukiendelea nyuma ya pazia. Kwa hivyo chipukizi na aombe idhini, na alitaje jina la mtunzi kabla ya lake.

Wanazuoni wa Kiswahili hawana sababu ya kuikunjia uso sanaa hii. Wanafundisha uhakiki wa ushairi, nao ndio ujuzi anaoukosa dijei anayeanza. Badala ya kumkemea kutoka mbali, na wamwonyeshe namna ya kuusoma wimbo: nani anasema, anamwambia nani, na ni neno gani likitoka utungo unabomoka. Naye chipukizi asikimbilie nyimbo kumi kwa wiki. Achague mmoja, ausikilize mpaka aweze kuukariri bila ala. Hapo ndipo aitafute ngoma, kwani atakuwa anajua ni wapi inapopaswa kunyamaza.