Acheni Kuziponda Nyimbo Zenu!

Nitasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Prodyuza wengi wa chumbani wanaharibu nyimbo nzuri kwa sababu ya woga mmoja tu: eti wimbo wao utasikika mdogo ukichezwa baada ya wimbo wa msanii mkubwa. Msanii chipukizi analipa pesa zake alizochanga kwa shida, halafu anarudishiwa faili ileile ikiwa na kelele zaidi. Anaambiwa hiyo ndiyo kumasta.

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo mimi hulitazama jambo hili kama hesabu. Ndani ya tarakilishi sauti ni namba tu. Katika faili ya biti 16, kila sampuli ni namba kati ya -32,768 na 32,767. Juu ya hapo hakuna ghorofa nyingine. Ukipandisha sauti kupita dari hiyo, vilele vya mawimbi vinakatwa na unasikia mkwaruzo. Ndiyo maana kuna limita: inavishusha vile vilele, ili sehemu zilizobaki ziweze kupandishwa. Kidogo, ni chombo kizuri sana. Ikizidi, ngoma inapoteza pigo lake, na ubeti ulioimbwa kwa upole unakuwa na nguvu sawa na kiitikio. Sasa kiitikio kitamshtua nani?

Msidhani ni ugonjwa wa maskini. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu yao Death Magnetic. Pesa walikuwa nazo, wataalamu walikuwa nao. Nyimbo hizohizo zilitoka pia katika mchezo wa Guitar Hero zikiwa hazijapondwa kwa kiasi kile. Mashabiki wakalinganisha, wakagundua kwamba mchezo wa video unasikika vizuri kuliko CD waliyoinunua! Maelfu yao wakatia sahihi ombi kwamba albamu ichanganywe upya.

Haya, tuje kwenye hoja yenyewe. Mwaka 2006 shirika la ITU lilitoa kanuni ya BS.1770, inayoeleza jinsi ya kupima ukubwa wa sauti karibu na vile sikio linavyousikia. Kipimo chake kinaitwa LUFS. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo wimbo ulivyo na kelele. Spotify, usipobadilisha mipangilio yake, husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS hivi. YouTube nayo huzishusha zile zilizozidi kiwango chake.

Sasa piga hesabu. Umeuponda wimbo wako mpaka -8, na vilele vyake viko kwenye -1. Spotify inaushusha kwa desibeli 6, yaani kila namba inagawanywa takriban kwa mbili. Vilele vyako sasa viko kwenye -7. Jirani yako aliyeacha wake kwenye -14 hakushushwa kitu, na pigo la ngoma yake bado linafika -1. Kwa wastani mnalingana. Lakini wake unaruka, wako umelala. Umelipa gharama yote ya kuponda na hukupata hata desibeli moja ya faida.

Huniamini? Fungua wimbo wako YouTube kwenye tarakilishi, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, chagua "Stats for nerds", kisha utazame mstari wa "Content Loudness". Ukiona namba chanya, hizo ndizo desibeli ulizozidisha.

Najua mtaniuliza, "Na matatu je? Na MP3 tunazotumiana kwa WhatsApp?" Ni swali la haki. Faili inayochezwa moja kwa moja kwenye simu mara nyingi haisawazishwi na mtu, na pale yenye kelele hushinda kwa sekunde chache. Lakini DJ ana kitufe cha sauti, dereva anacho, na msikilizaji anacho. Redio nazo zina mitambo ya kubana sauti kabla ya kurusha. Sauti iliyo chini, yeyote ataipandisha. Pigo lililokatwa, hakuna kitufe cha kulirudisha.

Wimbo wenye nguvu hutengenezwa kabla ya limita. Toa mngurumo wa chini kwenye sauti ya mwimbaji na magitaa. Hausikiki lakini unakula nafasi. Usiache ngoma kubwa na besi zigombanie masafa yaleyale. Kumbukeni pia kwamba sikio ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Fletcher na Munson walionyesha jambo hilo tangu 1933. Mwimbaji akipewa nafasi yake hapo, wimbo utasikika mkubwa hata namba zikiwa ndogo. Mwishoni acha limita iguse desibeli 2 au 3 tu, na dari yake iwe -1, kwa sababu kugeuza faili kuwa MP3 kunaweza kupandisha vilele.

Halafu linganisha na wimbo unaoupenda, zote mbili zikiwa kwenye LUFS sawa. Audacity inafanya hivyo bure. Ukiona wako bado ni dhaifu, rudi kwenye miksi. Kelele haijawahi kuficha miksi mbaya. Huitangaza tu mpaka kwa majirani.