Kompyuta Tukodi, Data Tumiliki

Luena ni mji wa reli na makaa ya mawe katika Haut-Lomami, kusini kidogo ya Bukama, na kwa mtaalamu anayetaka kuujua mto Lualaba kwa hesabu ni mahali pazuri pa kuanzia. Upande wa juu wa mto, karibu na Kolwezi, liko bwawa la Nzilo lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Upande wa chini, ukishapita Bukama, mto unaingia katika bonde la Upemba, unatawanyika kwenye maziwa na vinamasi, kisha unapokea mto Lufira, ambao nao umezuiwa na bwawa la Mwadingusha tangu 1930. Maji yanayomfikia mvuvi wa ziwa Kisale, bondeni humo, yametokana na mvua iliyonyesha mbali kusini, na uamuzi wa wenye mabwawa kufungua au kufunga, na ardhi iliyo tambarare kiasi kwamba kina kikiongezeka kidogo tu maji hutapakaa mbali. Kuyakokotoa hayo saa kwa saa, juu ya maelfu ya miraba midogo ya ardhi, kunataka kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kwa pamoja, yaani klasta, na hifadhi kubwa nyuma yake. Ndiyo maana ni rahisi mradi wa aina hii kuanza na orodha ya mashine za kununua. Nasema huko ni kuanzia mkiani. Nguvu ya kukokotoa ikodiwe kwa saa katika kompyuta za wingu, yaani za makampuni yanayozikodisha kwa njia ya mtandao. Pesa na watu waende kwanza kwenye kuhifadhi data ambayo hakuna mwingine duniani anayo.

Tuanze na hesabu ya kukodi. Seva kubwa yenye vichakataji pepe 96 hukodishwa kwa takriban dola 4 kwa saa, kwa bei ya orodha ya Marekani. Bei za Afrika huwa juu zaidi. Seva 10 za namna hiyo zikifanya kazi siku 3 mfululizo, bili kwa bei hiyo ya Marekani haifiki dola 3,000, kisha zinazimwa na bili inasimama. Wala wingu hilo haliko mbali kama zamani: Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Modeli ya mto haifanyi kazi mwaka mzima. Inataka nguvu nyingi wakati wa kuirekebisha na wakati wa masika, halafu hukaa kimya. Mkulima wa Bukama hanunui lori kwa ajili ya mahindi ya msimu mmoja, na mtafiti naye hana sababu ya kununua chumba cha seva kwa kazi ya wiki chache, katika nchi ambayo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme nyumbani. Mashine ikishanunuliwa inadai umeme usiokatika, kiyoyozi, mafuta ya jenereta, na fundi wa kuiangalia hata siku isiyokuwa na kazi.

Tena inazeeka upesi. Ranger, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Texas, ilipozinduliwa mwaka 2008 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote duniani. Mwaka 2013 ilistaafishwa, na makabati yake yakasafirishwa hadi Afrika Kusini ili yagawiwe vyuo vya huko, vya Tanzania na vya Botswana. Zawadi ile ilikuwa njema, na vijana walijifunza kazi kwayo. Lakini ni zawadi inayoeleza pia umri wa kitu chenyewe: kilichokuwa fahari ya Texas kilimaliza kazi yake huko kwa miaka mitano, na aliyekipokea alipokea pamoja nacho bili ya umeme ya teknolojia ya jana.

Data haizeeki hivyo. Kinyume chake, kila mwaka unaoongezeka huipandisha thamani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mto Kongo ulifurika Kinshasa, na maji yakafikia mita 6.20 kwenye kipimo. Wananchi waliambiwa hapohapo kwamba kiasi hicho hakijaonekana tangu 1961, maji yalipofika mita 6.26. Kauli hiyo iliwezekana kwa sababu moja tu: kina cha mto mahali pale kimeandikwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kompyuta kubwa kuliko zote isingeweza kuibuni namba ya 1961 kama mtu hakuiandika. Huko Yangambi, karibu na Kisangani, madaftari ya watafiti waliofuatilia kuchanua na kuzaa kwa miti kuanzia 1937 hadi 1958 yalilala kabatini miaka mingi, mpaka kurasa zake zilipopigwa picha na watu wa kujitolea wakazisoma mtandaoni na kuzinakili. Leo zinatumika katika sayansi ya tabianchi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo mali.

Na mali hiyo imewahi kuondoka. Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na kati ya 1946 na 1949 msafara wa Gaston-François de Witte uliichunguza pembe zote, ukakusanya wanyama na mimea kwa wingi wa ajabu. Matokeo yalichapishwa Brussels, mfululizo wa vitabu juu ya vitabu, na anayetaka kuviona vielelezo vyenyewe mpaka leo hana budi kwenda Ubelgiji. Kumbukumbu za miamba ya Kongo nazo zimejaa katika jumba la makumbusho la Tervuren, hukohuko Ubelgiji. Mwezi Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia sahihi makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa akili unde na inayoungwa mkono na matajiri kama Bill Gates na Jeff Bezos. Kampuni hiyo inaitazama lithiamu ya Manono, mkoa jirani kabisa na Haut-Lomami, na sehemu ya makubaliano inahusu kuzigeuza kumbukumbu za Tervuren kuwa za kidijitali. Hapa ndipo hoja inapobana. Kompyuta za KoBold mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kukodi zinazofanana nazo. Kinachowaleta mezani ni karatasi za miamba zilizoandikwa enzi za ukoloni.

Atatokea mwenye kusema kwamba dunia imekwisha kutufanyia kazi hii. Ni kweli kwa sehemu. Shirika la utabiri la Ulaya, ECMWF, linatoa bure data ya ERA5, inayoeleza hali ya hewa ya kila saa tangu 1940 kwa miraba ya kilomita 31 hivi. CHIRPS inatoa makadirio ya mvua tangu 1981 kwa miraba ya kilomita 5. Mfumo wa GloFAS unatabiri mafuriko ya mito mikubwa ya dunia nzima, Lualaba ukiwemo. Basi hizo tusizinakili. Ingekuwa upuuzi kujaza diski za Lubumbashi kwa kitu ambacho kipo tayari ndani ya wingu, na hiyo ni sababu nyingine ya kukodi kompyuta hukohuko data ilipo. Lakini modeli za mafuriko kama GloFAS hurekebishwa kwa vipimo vya mitoni. Penye kipimo zinasema kwa uhakika, pasipo kipimo zinabahatisha. Vina vya maji vya Bukama, mvua zilizoandikwa na misheni na vituo vya reli, kiasi kilichofunguliwa katika milango ya Nzilo: ERA5 haivijui, na satelaiti haiwezi kurudi nyuma kuvipima.

La kutia moyo ni kwamba hazina hiyo ni ndogo. Chukulia kurasa 100,000 za madaftari, kila picha ikiwa na megabaiti 5. Zote pamoja hazizidi nusu terabaiti, yaani zinaingia kwenye diski moja ya mkononi. Hata zikiongezwa picha za droni na matokeo ya modeli yenyewe, tepu moja ya sumaku ya kizazi cha LTO-9 hubeba terabaiti 18 na ikikaa kwenye rafu kavu haili umeme hata kidogo. Kisomeo chake hugharimu maelfu ya dola, sikatai, ila kinanunuliwa mara moja. Wingu lina bei ya aina nyingine: kwa orodha ya Marekani, kuweka terabaiti ni kama dola 23 kwa mwezi, lakini kuitoa nje ni kama dola 90 kila unapoitoa. Mwaka 2024 makampuni makubwa yalitangaza kumsamehe gharama hiyo mteja anayehama moja kwa moja. Anayechukua data yake kila wiki bado hulipa. Kwa hiyo nakala mama ikae nyumbani, na wingu lipelekewe nakala ya kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru: anayekodi anaweza kufungiwa mlango. Naam, anaweza, na Goma inaonyesha ubaya wake ulivyo. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, Kituo cha Volkano cha Goma kilikuwa kimetoka katika miezi ya kukosa pesa ya intaneti ya kuunganisha vifaa vyake vya mbali, baada ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kumalizika mwaka uliotangulia. Vifaa vilikuwepo, wataalamu walikuwepo, bili ndiyo iliyokwama. Lakini tazama vizuri mkasa huo unamsuta nani. Kituo kile kilikuwa na vifaa vyake mkononi, na bado kilinyamazishwa na gharama ndogo ya kila mwezi ambayo hakuna bajeti ya taifa iliyoibeba. Kununua klasta hakuondoi gharama za kila mwezi, kunaziongeza. Mwenye nakala zake, katika mafaili yanayofunguliwa na programu huria, akifungiwa na kampuni moja huhamia nyingine; mwenye seva iliyokatiwa umeme hana pa kuhamia.

Kinachotakiwa basi si kikubwa. Nakala moja Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ya pili Chuo Kikuu cha Kamina, ya tatu nje ya nchi. Mkutubi mmoja na fundi mmoja kila upande, wenye mshahara ulioandikwa kwenye bajeti ya serikali badala ya mradi wa miaka mitatu. Msomaji wa kipimo pale Bukama anayelipwa kila mwezi bila kukosa. Na katika kila mkataba wa kuzigeuza kumbukumbu za Kongo kuwa za kidijitali, iwe na KoBold, na Tervuren au na mwingine yeyote, kiwemo kifungu kinachotaja tarehe: nakala kamili iwe imefika Lubumbashi siku ileile mshirika anapoipokea ya kwake.