Njia ya misafara ipewe msimu wake



Nina dukuduku kuhusu njia ya zamani ya misafara inayopita katika vijiji vyetu vya Tabora.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Agosti mwaka jana, jua likiwa limekwisha kuchwa, wageni watatu wenye mizigo mgongoni walifika shuleni wakiifuata njia hiyo kwa miguu. Waliuliza nyumba ya kulala wageni. Kijiji hakina. Tukaunganisha madawati, wakalala darasa la nne. Mama mmoja aliwapikia ugali na mlenda, na asubuhi akakataa fedha zao kwa kuwa hakujua atoze kiasi gani. Wageni wakashukuru, wakaenda kuzitumia mjini.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza. Huko Norway theluji hufunika mashamba kwa miezi kadhaa na mkulima hawezi kulima. Lakini watu wa huko wameifanya theluji hiyo kuwa msimu. Wageni hufunga mbao nyembamba miguuni, huteleza mchana kutwa porini, na jioni huingia katika nyumba ya wageni, wakaota moto, wakala chakula cha wenyeji na kulipia kitanda. Tusiseme hayo ni mambo ya wengine tu. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishiriki mbio hizo za kilometa 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alikuwa wa mwisho, wa 92, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwisho wa njia akamkumbatia.

Sisi hatuhitaji theluji. Tuna kiangazi, na wazee wetu waliujua vizuri msimu huo. Vijana wa Kinyamwezi walimaliza mavuno, wakashuka pwani na misafara, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho. Mwaka uliofuata Susi, Chuma na wenzao wakapita hapo hapo wakiubeba mwili wake kuupeleka pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ikaanza kusahaulika.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiombea njia hii nafasi katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikataja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema. Lakini msafiri wa miguu halali Kilimatinde leo akaamkia Kwihara kesho. Katikati kuna vijiji, navyo havimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba njia hii ilipitisha watumwa, na si vizuri kuifanya mahali pa matembezi. Nawaheshimu, lakini nasema hiyo ndiyo sababu wenyeji waisimulie wenyewe. Wanafunzi wangu hudhani pagazi na mtumwa ni kitu kimoja. Pagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira, na akidhulumiwa aliweza kutua mzigo na kuondoka. Mtumwa alifungwa mnyororo. Anayemwongoza mgeni lazima aeleze yote mawili bila kuficha.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni miembe. Mwaka huu miembe miwili mikubwa iliyokuwa kando ya njia hiyo imekatwa kwa ajili ya mkaa. Aliyeikata si mtu mbaya; watoto wake nawafundisha. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mwalimu, mwembe huu umenipa nini mwaka huu?" Sikuwa na jibu.

Napendekeza kila kijiji kilichomo njiani kitenge nyumba moja yenye vyumba viwili, vitanda, vyandarua, maji na choo safi. Bei ibandikwe ukutani ili mama anayepika asione haya kupokea haki yake. Msimu uwe Juni hadi Oktoba. Vijana wawili wafundishwe historia na njia. Mapato yagawanywe mbele ya mkutano wa kijiji: ya mpishi, ya kiongozi wa njia, na ya mfuko wa kijiji. Halmashauri zisaidie kuweka alama na kulinda miti iliyobaki. Tusimngoje tajiri aje kujenga hoteli. Akija, sisi tutakuwa wafagizi.

Sisemi tutatajirika. Wageni watano kwa mwezi wanatosha kuanzia. Lakini hao watano wangenipa la kumjibu yule mzazi kabla hajaunoa tena upanga wake kwa ajili ya mwembe wa tatu, ambao bado umesimama. Mimi niko tayari kuwafundisha vijana hao jioni, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Kijijini,
Tabora.