Betri Inapohamia Nyuma

Gari la michezo la zamani ni tunu kwa mwenyewe, na aghalabu hulifufua kwa mikono yake mwenyewe. Miongoni mwa magari hayo ni Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Wapendao magari ya namna hiyo mara nyingi huitoa betri chini ya boneti wakaiweka nyuma, penye mizigo. Kazi hiyo ina manufaa, bali ikifanywa kwa pupa huweza kuliteketeza gari pamoja na waliomo.

Manufaa yake ni mawili. Betri ya volti 12 ina uzito upatao kilo 15 hadi 20. Ikihamia nyuma, uzito hugawanyika vyema na gari hutulia katika kona. Pili, betri huepukana na joto la injini, ambalo hufupisha maisha yake. Wala jambo hili si geni. Mini ya Uingereza ilitoka kiwandani mwaka 1959 betri ikiwa ndani ya buti, na MGB, hadi mwaka 1974, ilikuwa na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti.

Lakini yafaa mwenye gari aangalie anakoishi. Huko Gatete, katika eneo la Rumonge nchini Burundi, kwenye michikichi na wavuvi wa Ziwa Tanganyika, nyuma ya gari hakukai patupu. Hupakiwa madumu ya mawese, ndagala wakavu, na pengine dumu la petroli ya akiba. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, hewa ambayo ikifika sehemu 4 tu katika 100 huweza kulipuka kwa cheche moja. Datsun iliyotajwa haina ukuta kati ya mizigo na viti, kwa hiyo hewa hiyo huwafikia abiria. Basi betri na iwekwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, lifungwe kwa bolti kwenye bodi, na bomba dogo litoe hewa nje ya gari. Dumu la petroli lisikae hapo kamwe.

Waya nao una hesabu yake. Stata huweza kuvuta ampea 200. Waya wa shaba wa mita 5 wenye unene wa milimita mraba 16 hupoteza volti 1 na zaidi, na injini huzunguka kwa uchovu. Wa milimita mraba 50 hupoteza kiasi cha theluthi moja tu ya volti.

Jambo kubwa kuliko yote ni fyuzi. Waya huo hupita chini ya miguu ya abiria. Ganda lake likichubuliwa na bati, umeme wote wa betri huingia kwenye bodi, waya ukawa mwekundu kama kaa na kuwasha zulia. Kwa hiyo fyuzi kubwa, yenye kuhimili stata, iwekwe karibu na betri, isizidi shibiri moja. Kila tundu waya unamopita litiwe mpira, na waya ukae mbali na ekzosi na bomba la petroli.

Waya wa pili ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi, na injini iwe na waya wake wa kuiunganisha na bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwaka 1967 yalifungwa upande wa chanya kwenye bodi, yachunguzwe kwanza. Wakati wa kazi, waya wa bodi hutangulia kufunguliwa, na huwa wa mwisho kurudishwa.

Mama wa nyumba, kabla hajawapakia watoto, ana haki ya kuuliza mambo matatu: betri imefungwa imara? Hewa yake inatokea wapi? Fyuzi iko wapi? Fundi asiyeweza kuionyesha fyuzi hiyo hajamaliza kazi, na gari lisiondoke.