Kona ya Mwalimu: Majina yanalala wapi?



Juma lililopita mama mweka hazina wa likelemba yetu alifika kwangu na machozi. Simu yake ndogo ilianguka katika ndoo ya maji, haikuwaka tena. "Mwalimu, namba za wamama wote zimepotea, na ile ya mtoto wangu wa Kolwezi pia."

Nikamwambia: leta kwanza ile puce. Kadi hiyo haibebi namba yako tu. Ndani yake mna daftari la majina, mara nyingi lenye nafasi 250.

Wanafunzi wangu wa sekondari wana kifaa cha masomo: mikrokontrola, ni kusema kompyuta ndogo sana isiyo na kioo, iliyounganishwa kwa nyaya na modemu, inayofanya kazi ya simu. Tulitia kadi katika modemu. Mikrokontrola ikatuma amri AT+CPBR=1,250, maana yake: "Nisomee daftari kutoka nafasi ya 1 mpaka ya 250." Majina yakaanza kushuka moja moja, na mama akayaandika kwenye karatasi.

Wamama wote wa likelemba walikuwamo, ijapokuwa majina marefu yalikatika, maana kadi ina nafasi ndogo ya herufi. Lakini mtoto hakuwamo. Namba yake ilihifadhiwa katika simu yenyewe, ikafa nayo. Tuliipata siku ya pili kwa shangazi yake.

Jambo lingine lilinitia hofu: kadi haikutuuliza kitu. Haikuwa na PIN. Mwizi naye angeyasoma majina hayo bila shida, hata kwa simu ya kawaida.

Basi, mama, fanya haya:

1. Angalia majina yako yamehifadhiwa wapi, katika simu au katika kadi.

2. Weka PIN, lakini usibahatishe. Ukikosea mara 3, kadi inajifunga na kudai PUK ya tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, kadi imekufa kabisa.

3. Kadi ikipotea, unaweza kupewa nyingine yenye namba yako ile ile, lakini itakuja bila majina.

4. Namba za watoto, za chama na za muganga ziandike katika daftari la karatasi, ulitunze nyumbani.

Mweka hazina wetu sasa ana daftari lake. Jina la kwanza ndani yake ni la mtoto wa Kolwezi.

Tuonane juma lijalo.