Noti Si Mapambo

Kila mpenzi wa Jane Austen akifika Chawton, Uingereza, kwenye nyumba aliyohamia 1809, anakimbilia kuona kimeza chake cha kuandikia. Sawa. Lakini karatasi za muziki tunazipita kama mapazia. Hapo tunakosea, tena sana.

Chukua vijitabu vya dansi vilivyochapwa London enzi zake. Vingi vilibeba dansi 24 za mwaka mmoja: mstari wa noti, na chini yake maelekezo ya nani aende wapi. Wachezaji husimama safu mbili ndefu, wanaume huku, wanawake kule. Wengine wanacheza, wengine wanangoja zamu. Na anayengoja anafanya nini? Anaongea! Ndiyo maana Elizabeth na Darcy wanapata nafasi ya kurushiana vijembe katikati ya dansi. Usipoijua karatasi ile, utadhani ni ujanja wa mwandishi tu.

Sasa tazama tamthilia ya BBC ya 1995. Wawili hao wanacheza "Mr. Beveridge's Maggot", dansi iliyochapwa 1695. Riwaya ilitoka 1813! Eti yote ni ya kale, basi yanafanana. Jamani, hiyo ni kumvika bibi nguo za bibi wa bibi yake.

Vitabu vya muziki vya familia ya Austen, vya mkono na vya chapa, Chuo Kikuu cha Southampton kimeviweka mtandaoni. Tumebaki na kisingizio gani? Noti ni maandishi. Tuzisome.